Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu wa Brazil: Novemba 20 ni sikukuu, na somo lake je?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Brasília.

YAH: SOMO LA HISTORIA YA AFRIKA NA YA WABRAZIL WEUSI KATIKA WIKI YA NOVEMBA 20

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunakuandikia kwa Kiswahili, na tafsiri ya Kireno tumeiambatisha, kwa sababu miongoni mwa watu waliotiwa minyororo wakapelekwa nchini mwako walikuwemo Wamakua, Wayao na wengine wa upande wetu wa Afrika. Jambo hili si la mbali kwetu.

Tulifurahi, na bado tunafurahi, kwamba sheria namba 14.759 ya Desemba 21, 2023 iliifanya Novemba 20, Siku ya Zumbi na Mwamko wa Watu Weusi, kuwa sikukuu ya taifa zima. Kabla ya hapo ilikuwa sikukuu katika majimbo sita na manispaa kama 1,200, kati ya manispaa zaidi ya 5,500. Dai lenyewe lina umri. Mwaka 1971, huko Porto Alegre, mshairi Oliveira Silveira na wenzake wa kikundi cha Grupo Palmares waliipima Mei 13, siku ambayo Binti Mfalme Isabel alitia sahihi sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1888, wakaona inamtukuza aliyeshika kalamu na kumsahau aliyepigana. Sheria ile ilikuwa na vifungu viwili tu: cha kwanza kilisema utumwa umekwisha, cha pili kilifuta chochote kinachopingana na cha kwanza. Hakuna shamba, hakuna shule, hakuna hata senti kwa aliyeachwa huru. Ndipo wakaichagua Novemba 20, siku alipouawa Zumbi, kiongozi wa Palmares, makazi ya watu waliotoroka utumwa, mwaka 1695. Mwaka 1978 Movimento Negro Unificado, chama cha kutetea watu weusi, wakaitangaza kuwa siku ya watu weusi wa nchi nzima. Kutoka Porto Alegre hadi sikukuu ya taifa ni miaka 52.

Lakini kuna jambo limejificha ndani ya furaha hiyo, nalo liko mikononi mwa wizara yako. Miaka ishirini kabla ya sikukuu, siku hii ilikuwa tayari siku ya shule. Sheria namba 10.639 ya Januari 9, 2003 iliongeza vifungu viwili katika sheria kuu ya elimu ya Brazil. Kifungu cha 26-A kinalazimisha historia na utamaduni wa Afrika na wa Wabrazil weusi vifundishwe katika mtaala wote, hasa katika sanaa, fasihi na historia ya Brazil. Kifungu cha 79-B kinaiweka Novemba 20 ndani ya kalenda ya shule. Maana yake ilikuwa watoto wawe darasani siku hiyo, na mwalimu awe na la kuwaambia. Sasa siku hiyo shule zimefungwa. Mwaka 2024 ilikuwa Jumatano. Mwaka 2025 ikawa Alhamisi, na kila mtu anajua Ijumaa inayofuata sikukuu ya Alhamisi inavyomezwa. Mwaka 2026 ni Ijumaa, yaani siku tatu za mapumziko mfululizo, na mwaka 2027 ni Jumamosi. Mji au shule iliyokuwa inatimiza sheria ya 2003 kwa siku moja tu kwa mwaka sasa imeipoteza hata hiyo moja, na haijavunja sheria yoyote.

Hatuombi sikukuu irudishwe nyuma. Mfanyakazi wa dukani na mama anayeuza acarajé, yaani bajia za kunde, wana haki ya siku yao kama walivyo nayo wengine. Tunaomba somo lililokuwa limeegeshwa kwenye tarehe moja lipewe nafasi yake lenyewe, lenye saa, vitabu na walimu walioandaliwa.

Inafaa kuangalia kwa nini somo hili limedhoofika, maana sababu ziko wazi kwenye maandishi. Muswada wa sheria ya 2003 ulikuwa na vipande viwili zaidi, na Rais alipotia sahihi alivikataa vyote viwili. Kimoja kilitaka historia ya Brazil na sanaa katika shule za sekondari zitoe angalau asilimia 10 ya maudhui ya mwaka au ya muhula kwa mada hii. Kingine kilitaka mafunzo ya walimu yashirikishe vyama vya watu weusi, vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Kwa hiyo sheria ilizaliwa ikiwa na amri, bila kipimo wala fundi. Ukimwambia mtu ajenge ukuta bila kumwambia urefu wala kumpa mwashi, atapanga matofali matatu na kusema amejenga. Hatuwezi kumlaumu sana.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2023 taasisi za Geledés na Alana ziliziuliza idara za elimu za manispaa zinafanya nini kuhusu sheria hiyo. Idara 1,187 zilijibu. Katika kila 100, ni 29 tu zilizokuwa na kazi ya kudumu inayoendelea mwaka mzima. 53 zilifanya hapa na pale. 18 hazikufanya lolote. Ukichukua majibu ya wakuu wa shule katika dodoso la Saeb, upimaji wa taifa wa elimu, shule za umma zilizosema zina mradi wowote wa kupinga ubaguzi wa rangi zilishuka kutoka kama robo tatu mwaka 2015 hadi nusu mwaka 2021. Hii ni nchi ambayo sensa ya 2022 imehesabu asilimia 55.5 ya watu wake kuwa weusi au pardo, yaani wenye mchanganyiko.

Tunakiri kwamba wizara haijakaa kimya. Mwezi Mei 2024 ilitangaza sera ya taifa ya usawa na elimu ya mahusiano ya rangi na ya shule za quilombo, yaani jamii za wazao wa waliotoroka utumwa, na hilo tunalishukuru. Tunachoandika hapa kinaweza kuingia ndani ya sera hiyo bila kusubiri sheria mpya.

Tuanze na kile kinachofundishwa, kwa kuwa hata pale somo lipo mara nyingi limejaa makosa. Shuleni, siku moja au mbili kabla ya sikukuu, hutundikwa picha ya Zumbi, watoto hufungwa vilemba, kikundi cha capoeira, mchezo wa mapigano unaochezwa kwa muziki, hucheza uwanjani, na chakula cha mchana huwa feijoada, maharage yaliyopikwa na nyama. Hatuna ugomvi na capoeira wala na maharage. Ila picha ile maarufu ya Zumbi ilichorwa na Antônio Parreiras mwaka 1927, zaidi ya miaka 230 baada ya Zumbi kuuawa. Hakuna mtu wa wakati wake aliyeacha sura yake. Mwalimu asipolisema hilo, mtoto anaondoka akidhani ameona uso wa mtu. Kisa cha Zumbi kulelewa na padri akiitwa Francisco na kujifunza Kilatini kinatokana na barua ambazo mwandishi Décio Freitas alisema amezisoma, na ambazo wanahistoria waliomfuata hawakuweza kuzithibitisha. Kisifundishwe kama jambo la hakika. Na ile hadithi kwamba feijoada ilibuniwa na watumwa kwa mabaki ya nyama za bwana, wanahistoria wa chakula wameikataa, lakini kila Novemba inarudi na sahani zake.

Wakati huohuo, mambo yenye uhakika yanaachwa. Palmares haikuwa kambi ya watoro wachache msituni. Ilikuwa mkusanyiko wa vijiji vingi vilivyodumu kwa sehemu kubwa ya karne ya 17 katika vilima vya eneo ambalo leo ni Alagoas. Makao yake makuu, Macaco, yalikuwa juu ya Serra da Barriga. Mwaka 1678 kiongozi wake Ganga Zumba alikubali amani na gavana wa Pernambuco, kwa masharti kwamba waliozaliwa Palmares wawe huru na waliokimbilia huko warudishwe kwa mabwana. Zumbi alikataa. Hapo ndipo penye somo la siku nzima! Mpe kijana wa miaka 14 masharti hayo, mwambie mama yake alizaliwa Palmares na baba yake alitoroka shambani juzi, kisha muulize angepiga kura upande gani. Hahitaji kilemba kulielewa hilo. Macaco ilianguka Februari 1694 mbele ya jeshi la Domingos Jorge Velho, na mwaka uliofuata Zumbi akauawa, kichwa chake kikatundikwa hadharani Recife.

Sasa tuje kwenye lugha, mahali ambapo mwalimu asiye na hela anaweza kufanya kazi kubwa. Katika Kireno cha Brazil, kisima kifupi kinachochimbwa mchangani ili maji yachuruzike kinaitwa cacimba. Neno hilo limetoka Kimbundu cha Angola, kixima. Sisi tunasema kisima. Mtoto wa kaskazini mashariki mwa Brazil anayetumwa maji na bibi yake analitamka neno ambalo mtoto wa Lindi angelielewa bila mkalimani, na hakuna aliyemwambia. Ngoma ni ngoma kwetu, na katika jongo, ngoma ya Wabrazil weusi, na nyumba za candomblé, dini yenye asili ya Afrika, za asili ya Angola ni angoma au ingoma. Kitinda mimba ni caçula, kutoka Kimbundu kasule. Unga wa mahindi ni fubá.

Tunapendekeza somo la dakika 50 kwa darasa la tano, nalo linahitaji ramani moja inayoonyesha Afrika na Brazil pamoja na bahari zote mbili, ya Atlantiki na ya Hindi, na vipande kumi vya karatasi. Juu ya kila kipande andika neno moja: cacimba, caçula, moleque, fubá, quitanda, senzala, cafuné, dendê, quilombo, samba. Dakika kumi za kwanza watoto waeleze maana za maneno, kwa kuwa wanazijua kutoka nyumbani, mwalimu asiwatangulie. Dakika kumi na tano zinazofuata aeleze Kimbundu, Kikongo na Kiumbundu zinazungumzwa wapi, na watoto wabandike maneno kwenye ramani. Dakika ishirini wafuate njia: Luanda, Benguela, bahari, Recife, Salvador, Rio. Tano za mwisho ni za maswali. Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni mwalimu kusema "hili ni neno la Kiafrika" akaishia hapo. Afrika haina lugha moja, na kutotaja jina la lugha ni kuwanyima watu jina lao kwa mara ya pili. La pili ni kurukia kila ufanano. Quitanda ya Brazil ni duka la mboga na matunda, kutoka kitanda cha Kimbundu, yaani soko. Kitanda chetu ni cha kulalia. Maneno yanayofanana kwa sura yasichukuliwe kuwa yaleyale kabla ya kuchunguzwa, na watoto wa miaka kumi wanapenda sana uchunguzi wa namna hiyo.

Na ramani hiyo iwe na bahari mbili, si moja. Tunalisisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya kiada huchora mishale kutoka magharibi ya Afrika na Angola tu, mkono wa mashariki ukabaki mtupu. Baada ya Ureno kukubaliana na Uingereza mwaka 1815 kuacha biashara ya watumwa kaskazini ya ikweta, wafanyabiashara waliokuwa wakiilisha Rio walizidi kuelekea kusini, na wengi wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Quelimane, Inhambane na Kisiwa cha Msumbiji. Safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya Luanda kwa mbali, na kila wiki ya ziada melini ilikuwa na vifo vyake. Katika gati la Valongo huko Rio, lililoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2017 na ambako inakadiriwa watu 900,000 walishushwa, walikuwemo waliotoka upande huu. Katika vitabu vya ubatizo wakaandikwa "Moçambique" kana kwamba ndiyo kabila lao.

Kama mwalimu anataka kitu kimoja cha kushika, achukue meli ya São José. Ilitoka Lisbon mwaka 1794 ikiwa imepakia vipande vya chuma zaidi ya elfu moja kwa ajili ya farumi. Mabaharia wetu wanajua farumi ni nini: uzito wa kuifanya meli isipinduke. Meli iliyobeba binadamu ilihitaji farumi nyingi kuliko iliyobeba shehena ya kawaida, kwa sababu watu ni wepesi na hawatulii. Ilipakia watu zaidi ya 400 Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Maranhão, ikavunjika karibu na Cape Town Desemba 27, 1794. Yapata nusu yao walikufa maji. Walionusurika waliuzwa palepale. Vyuma hivyo, vilivyookotwa na wapigambizi, ndivyo vilivyosaidia kuitambua meli, na mwaka 2015 udongo wa Mossuril, nchi ya Wamakua, ulimwagwa juu ya mahali ilipozama. Mtoto wa São Luís, mji mkuu wa Maranhão, anastahili kujua kwamba meli hiyo ilikuwa inakuja kwao.

Huko Minas Gerais, katika sikukuu za Bibi Yetu wa Rozari, kuna kundi liitwalo Moçambique. Wanafunga vifundoni mikebe midogo ya bati yenye vipande vya risasi au mbegu, inaitwa gunga, na hatua yao huwa ya polepole kwa makusudi, kwa sababu wao ndio wanaowasindikiza mfalme na malkia wa sherehe. Kundi jingine, Congo, hutangulia kufungua njia, Moçambique huja nyuma na wenye taji. Jina la kundi si ushahidi kwamba kila mchezaji ametoka Msumbiji, na mwalimu asiseme hivyo. Ila gunga ni somo la kazi za mikono, la sauti na la historia kwa pamoja, na mabingwa wa kulifundisha wapo mtaani. Walipwe kama walimu wanavyolipwa wanapokuja shuleni, si kupewa soda na makofi.

Mheshimiwa Waziri, tunajua kwamba walimu wengi wa shule za msingi hawaajiriwi na wewe, bali na manispaa. Hata hivyo una vifaa vinne mkononi.

Kipimo kwanza. Mwongozo wa sheria hii ni azimio namba 1 la Baraza la Taifa la Elimu la Juni 17, 2004. Baraza likilipitia upya, maoni yake huja mezani kwako kuidhinishwa. Ile asilimia 10 iliyokataliwa mwaka 2003, kwa hoja kwamba mtaala uiachie mikoa nafasi, inaweza kuingia kama kima cha chini ambacho kila mkoa utakijaza kwa historia yake: Bahia kwa yake, Maranhão kwa yake. Mwaka wa shule una saa 800 kwa uchache katika shule za msingi, na 1,000 katika sekondari. Shule ikitenga saa 80 kwa mwaka kwa historia na sanaa, asilimia 10 ni saa 8. Hatuombi mlima.

Walimu pili. Sheria namba 11.738 ya 2008 inataka theluthi moja ya saa za mwalimu ziwe nje ya darasa. Mwenye mkataba wa saa 40 kwa wiki ana saa 13 hivi za maandalizi. Saa 2 kati ya hizo kwa wiki 20 ni mafunzo ya saa 40 bila kumwita mtu Jumamosi. Mafunzo yanayofanyika Jumamosi ndiyo yanayokufa mapema, na wanaoyakosa kwanza ni wanawake wenye watoto. Mafunzo hayo yatolewe kwa ushirikiano na vyama vya watu weusi na vyuo, kama kipande kilichokataliwa kilivyotaka.

Tatu ni vitabu. Vinapitia mpango wa taifa wa vitabu, PNLD, wenye tangazo la vigezo kabla wachapishaji hawajawasilisha kazi. Weka humo kigezo cha ramani yenye bahari mbili na kigezo cha kutaja jina la lugha kila neno la asili ya Afrika linapotajwa. Baada ya vitabu kuchapwa ni kuchelewa, kwa kuwa vitatumika kwa miaka.

Na fedha, maana mkono mtupu haulambwi. Mchango wa serikali kuu katika Fundeb, mfuko wa taifa wa kugharamia shule za umma, umepangwa kufikia asilimia 23 mwaka 2026, na pointi 2.5 kati ya hizo hugawiwa kwa masharti, mojawapo likiwa kupunguza pengo la matokeo kati ya rangi na rangi. Sharti hilo ni zuri, lakini linasoma alama za mitihani tu. Halioni kama somo la kifungu cha 26-A lilifundishwa. Hatushauri manispaa maskini ikatwe fedha. Atakayeumia ni mtoto yuleyule. Tunashauri kila idara ijaze taarifa fupi, saa ngapi zimefundishwa, walimu wangapi wamefunzwa, vitabu gani vimetumika, na orodha ichapishwe kila Machi ili wazazi waione. Zile 18 katika kila 100 zijulikane kwa majina yake.

Shule za quilombo zinahitaji barua yake peke yake. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu wa quilombo kwa mara ya kwanza, ikapata watu milioni 1.3. Hapa tunasema hili moja tu: wasitumike kama watu wa kualikwa kucheza Novemba, halafu barabara ya basi la shule yao ibaki matope mwaka mzima.

Kuhusu kalenda, Novemba 15 nayo ni sikukuu, ya Jamhuri. Mwaka 2026 itakuwa Jumapili na mwaka 2027 Jumatatu. Kwa miaka yote miwili, katikati ya sikukuu hizo mbili zinabaki siku nne kamili za shule: 16, 17, 18 na 19. Tunaomba wizara itoe mwongozo kabla idara hazijapitisha kalenda zake, useme siku hizo nne hazigeuzwi mapumziko, hazibadilishwi na mitihani, na kila darasa lina angalau kipindi kimoja cha somo hili kwa kila siku kati ya hizo.

Ni sisi,
walimu na wasomaji wa historia ya Afrika, wazungumzaji wa Kiswahili